Filamu Umelipia, Wimbo Umepakua, Lakini Havichezi

Filamu ikigoma, mkono hukimbilia kitufe cha kuzima na kuwasha. Mara nyingine inasaidia. Shida ni kwamba hata ikisaidia hutajua kilichokuwa kibaya, na siku ikirudia utaanza kupapasa upya. Kwa miaka mingi nimekuwa nikiitwa na ndugu na marafiki kufufua televisheni, simu na kompyuta zilizokataa kucheza vitu vilivyolipiwa kihalali. Njia iliyonifaa kuliko zote ni majaribio mawili ambayo hayamalizi dakika tano.

La kwanza: cheza filamu ileile kwenye kifaa kingine, kwa akaunti ileile. La pili: cheza filamu nyingine kwenye kifaa kile kilichogoma. Usiguse mpangilio wowote kabla ya hapo.

Ikiwa filamu inagoma kila mahali lakini nyingine zinacheza, tatizo liko kwenye ruhusa yako au kwenye faili lenyewe. Ikiwa kifaa kimoja kinagomea kila kitu, achana na akaunti, shughulika na kifaa na nyaya zake. Ikiwa kila kitu kimegoma kila mahali, angalia mtandao, kisha malipo ya akaunti. Na ikiwa ni filamu moja tu kwenye kifaa kimoja tu, basi faili na kifaa hicho havielewani: ni kodeki (namna picha au sauti ilivyobanwa ndani ya faili), ni ubora wa picha, au ni ulinzi dhidi ya kunakili. Yote yanayofuata yanategemea jibu utakalolipata hapa, kwa hiyo usiruke hatua hii hata ukiwa na haraka.

Kwanza jua ulichonunua

Kitufe kimeandikwa "Nunua", lakini nyuma yake kunaweza kuwa na bidhaa za aina tofauti kabisa, na kila aina huharibika kwa namna yake.

Kuna faili huru. Unalipakua, linakaa kwako, unalicheza popote. Muziki unaouzwa wimbo mmoja mmoja au albamu nzima mara nyingi uko hivi siku hizi. Mwaka 2009 Apple waliondoa kufuli la kuzuia kunakili kwenye nyimbo zilizouzwa iTunes, na Bandcamp hukupa MP3 au FLAC isiyo na kufuli yoyote. Kuna ununuzi wa leseni, ambao ndio hali ya karibu filamu zote: hata ukilipakua faili, limefungwa, na ufunguo wake unatoka kwenye seva ya muuzaji. Kukodi ni leseni hiyohiyo iliyofungiwa saa. Usajili wa kila mwezi nao ni kulipia mlango wa maktaba. Siku unayoacha kulipa, hata ulivyopakua kwenye simu havifunguki tena.

Ndiyo maana swali langu la kwanza kwa mtu anayeniambia "filamu yangu imepotea" si kifaa gani anatumia. Namuuliza alilipaje.

"Nimeikodi, lakini inasema muda umekwisha"

Filamu ya kukodi ina saa mbili zinazohesabu, na watu wengi wanaijua moja tu. Saa ya kwanza huanza unapolipa: katika maduka makubwa kwa kawaida unapewa siku 30 za kuianza. Saa ya pili huanza ukibonyeza kitufe cha kucheza, na hiyo mara nyingi ni saa 48. Kusimamisha filamu hakuisimamishi saa hiyo. Kuzima televisheni hakuisimamishi pia.

Nililijua hili kwa maumivu. Nilikodi filamu kwa ajili ya Jumapili usiku, nyumba ikiwa na wageni. Ijumaa saa moja jioni nikaifungua kwa dakika chache nikague kama sauti inafika vizuri kwenye spika. Jumapili saa mbili usiku, watu wameketi, ruhusa ilikuwa imeshakwisha saa moja iliyopita. Tangu siku hiyo nikitaka kukagua sauti na picha natumia kionjo cha filamu, ambacho ni bure na hakigusi saa ya pili.

Muda ukiwa bado upo na filamu bado inakataa, tazama mambo matatu kwa mpangilio huu. Kwanza akaunti: watu wengi wana mbili bila kukumbuka, moja iliyofunguliwa kwa barua pepe ya zamani na nyingine kwa namba ya simu, na risiti itakuonyesha ni ipi iliyolipa. Pili wasifu: ukiwa ndani ya wasifu wa watoto, filamu za watu wazima hufichwa hata kama umezinunua. Tatu, saa na tarehe ya kifaa.

Hili la tatu hudharauliwa sana. Leseni na vyeti vya usalama vya mtandao vina tarehe ya kuanza na ya kuisha. Televisheni iliyokaa bila umeme na kupoteza tarehe, ikaamka ikidhani ni miaka kumi iliyopita, itaona kila cheti ni batili, nayo itakuandikia kosa lisiloeleweka kama "hitilafu ya muunganisho". Ingia kwenye mipangilio, washa saa ijipange yenyewe kutoka mtandaoni, kisha jaribu tena. Kuna wakati shida ni kinyume chake: saa ya kifaa iko sawa ila vyeti vilivyomo ndani yake vimezeeka. Tarehe 30 Septemba 2021 cheti kimoja cha msingi kilichokuwa kikitegemewa na tovuti nyingi kiliisha muda, na vifaa vya zamani ambavyo havikuwa vikipata masasisho vikaanza kushindwa kufungua tovuti na huduma mbalimbali. Televisheni ya namna hiyo haihitaji kutupwa. Kijiti kidogo cha kuchomeka kwenye HDMI kitaifanyia kazi ya programu, yenyewe ibaki kuwa kioo tu.

Ukisafiri nje ya nchi ambako akaunti yako ilisajiliwa, filamu uliyokodi nyumbani inaweza kukataa kuchezwa, kwa sababu haki za filamu huuzwa nchi kwa nchi. Ipakue kabla ya kuondoka, kisha uifungue mara moja ukiwa umezima mtandao uhakikishe imekaa. Kumbuka tu kwamba kuifungua huko kunaianzisha ile saa ya pili, kwa hiyo fanya hivyo siku ya safari yenyewe.

"Niliinunua miaka iliyopita, leo haipo"

Hapa ndipo mtu huumia zaidi, maana alilipa bei ya kumiliki. Sababu huwa moja kati ya tatu.

Huenda akaunti si ile, kama nilivyoeleza. Huenda mwenye haki za filamu ameiondoa dukani. Maduka mengi hukuachia uendelee kuitazama, lakini masharti uliyoyakubali mara nyingi hayawalazimishi. Au huenda duka lenyewe limefungwa au limehamia kwingine. UltraViolet, mfumo uliowawezesha watu kuhifadhi filamu walizonunua katika maduka mbalimbali, ulifungwa tarehe 31 Julai 2019, na waliokuwa wameunganisha akaunti zao na wauzaji kwa wakati ndio waliobaki na maktaba zao. Filamu zilizonunuliwa Google Play zilihamishiwa YouTube na Google TV. Kwenye muziki mambo yalianza mapema zaidi: duka la Yahoo lilizimwa mwaka 2008 pamoja na seva zake za leseni, na walionunua nyimbo zenye kufuli wakajikuta hawawezi kuzihamishia kwenye kompyuta mpya.

Kwa hiyo tafuta risiti kwenye barua pepe kwanza, soma jina la duka, kisha tafuta duka hilo limerithiwa na nani. Mara nyingi filamu ipo, imekaa chini ya jina jipya, inasubiri uingie kwa barua pepe ileile ya zamani. Jimbo la California nchini Marekani limeliona tatizo hili kiasi cha kutunga sheria, iliyoanza kutumika Januari 2025, inayowataka wauzaji wa bidhaa za kidijitali wamweleze mnunuzi waziwazi kwamba anachopewa ni leseni, isipokuwa pale anapoweza kupakua nakala ya kudumu. Ningependa kila duka duniani liandike hivyo juu ya kitufe chenyewe, kwa herufi kubwa.

Kwa filamu unayoipenda kweli, ambayo utataka watoto wako waione, nunua diski. Ndio ushauri wangu na sijaona sababu ya kuubadilisha. Ila kabla ya kuagiza diski kutoka mbali soma namba ya ukanda. DVD ziligawanywa kanda sita: Marekani na Kanada ni 1, Ulaya Magharibi na Japani ni 2, sehemu kubwa ya Afrika pamoja na India na Urusi ni 5. Blu-ray zina kanda tatu tu, A, B na C, na diski za 4K hazina kufuli la kanda. Diski ikizunguka kisha mashine ikaandika ukanda si sahihi, haijaharibika. Ilitengenezwa kwa ajili ya mashine za ukanda mwingine.

"Nimelipia 4K, naona ukungu"

Kwenye tatizo hili watu hulaumu mtandao wakati mtandao hauna kosa. Zima lawama hiyo haraka: kipimo kinachotolewa na Netflix ni megabiti 15 kwa sekunde kwa 4K na 5 kwa picha ya mistari 1080. Ukiwa na kasi hiyo kwenye kifaa kinachocheza, na siyo kwenye simu iliyo pembeni ya ruta, tafuta kosa kwingine.

Kosa mara nyingi ni mnyororo wa ulinzi. Ili picha ya 4K yenye leseni ifike kwenye kioo, kila kifaa njiani lazima kitambulike kwa ulinzi uitwao HDCP, toleo la 2.2 au jipya zaidi: kijiti au mashine inayocheza, amplifaya kama ipo, kigawanyio cha HDMI kama kipo, na tundu lenyewe la televisheni. Kimoja kikiwa cha zamani, mnyororo wote unashuka. Dalili zake ni tatu: picha inashuka hadi mistari 1080 bila kukuambia, kioo kinakuwa cheusi na sauti inaendelea, au picha inakatika kwa sekunde moja na kurudi kila baada ya muda.

Jaribio lake ni rahisi. Ondoa kila kitu katikati. Chomeka mashine inayocheza moja kwa moja kwenye televisheni kwa waya mfupi. Ubora ukirudi, rudisha vifaa kimoja kimoja mpaka ukipate kinachoshusha. Mara nyingi huwa ni amplifaya au saundibaa ya zamani, na dawa si kununua nyingine: ichomeke kwenye tundu la televisheni lililoandikwa ARC ili ipokee sauti tu, picha ipite njia yake. Kagua pia kama tundu ulilotumia linamudu 4K kamili. Kwenye televisheni nyingi si matundu yote yako sawa, na lile linalofaa huenda limezimiwa uwezo wake ndani ya mipangilio ya HDMI mpaka uuwashe kwa mkono.

Kwenye simu na tableti za Android kuna kufuli jingine, Widevine, lenye ngazi. Ngazi ya L1 inaruhusu picha kali. Ngazi ya L3 huishia ubora wa chini, mara nyingi mistari 480, haijalishi kioo ni kizuri kiasi gani. Ngazi hiyo haibadilishwi na mipangilio. Hukumu hutolewa kiwandani, na simu ambayo mwenyewe ameondoa kufuli la mfumo wake (bootloader) inaweza kushuka kutoka L1 hadi L3. Zipo programu ndogo za bure zinazosoma ngazi hiyo, nami husisitiza mtu aitumie dukani kabla ya kununua tableti ya kutazamia filamu.

Kwenye kompyuta, kivinjari nacho ni kikwazo. Vivinjari viwili kwenye kompyuta moja vinaweza kukupa ubora tofauti wa filamu moja, kwa sababu ya namna kila kimoja kinavyoshughulikia kufuli. Jaribu programu rasmi ya huduma, au kivinjari kilichokuja na mfumo wa kompyuta yako.

Picha ikiwa ya zambarau na kijani, hiyo ni habari nyingine kabisa: faili limetengenezwa kwa aina fulani ya Dolby Vision, mfumo wa kuongeza ubora wa rangi na mwanga, ambayo kifaa chako hakiijui. Tafuta nakala ya filamu hiyo isiyo na Dolby Vision. Hakuna mpangilio wa rangi utakaoiponya.

Inaganda, duara linazunguka

Kama ni filamu ya kutiririsha, pima kasi ukiwa kwenye televisheni yenyewe, kupitia kivinjari chake au programu ya kupimia. Na soma kipimo vizuri. Kasi ya mtandao hutangazwa kwa megabiti, ukubwa wa faili huandikwa kwa megabaiti, na baiti moja ni biti nane. Mtandao wa megabiti 8 kwa sekunde unaleta megabaiti moja tu kwa sekunde, kwa hiyo filamu ya gigabaiti 4 itachukua zaidi ya saa nzima kushuka hata mambo yakienda sawa. Wengi wanaoniambia upakuaji wao "umekwama" haujakwama. Unaenda kwa mwendo wake.

Wi-Fi ya masafa ya gigahezi 2.4 hupita ukuta vizuri lakini inagombaniwa na majirani, na oveni ya maikrowevu inaivuruga ikiwa inafanya kazi. Ile ya 5 ina kasi zaidi ila inachoka mbele ya kuta. Televisheni iliyo chumba kimoja na ruta iweke kwenye 5. Iliyo mbali, vuta waya wa mtandao ukiweza. Matundu ya mtandao ya televisheni nyingi huishia megabiti 100 kwa sekunde, na hiyo inatosha kabisa kwa 4K ya kutiririsha.

Ikiganda saa za jioni tu na mchana iko sawa, mara nyingi kosa si la kifaa chako wala la ruta: njia ya mtoa huduma imejaa. Pakua filamu mapema, tazama jioni. Ikiganda kwenye televisheni peke yake wakati wowote, kagua nafasi iliyobaki kwenye kumbukumbu yake, ufute programu usizotumia na data ya muda (cache) iliyohifadhiwa na programu hiyo ya filamu.

Picha ipo, sauti hakuna. Au maneno hayasikiki

Filamu uliyohifadhi kwenye flashi inacheza vizuri lakini kimya kabisa, wakati kwenye kompyuta inaongea. Sauti yake huenda ni DTS. Watengenezaji kadhaa wa televisheni waliacha kuiruhusu aina hiyo. Kama faili lina zaidi ya njia moja ya sauti, badilisha kwa rimoti. Kama lina moja tu, geuza sauti peke yake iwe AAC au AC3 kwa programu kama FFmpeg. Ukimya kwenye programu za kutiririsha huwa na chanzo kingine: mpangilio wa sauti umewekwa kupeleka sauti ikiwa bado imesimbwa kwa amplifaya isiyoielewa. Ingia mipangilio ya sauti, chagua PCM (sauti iliyokwisha kufunguliwa) au stirio, na sauti itarudi papo hapo.

Lalamiko ninalolisikia kuliko yote, hata hivyo, ni lile la maneno kunong'ona na milio ya risasi kupasua masikio. Hakuna kilichoharibika. Filamu nyingi zimechanganywa kwa spika sita, na mazungumzo yamewekwa karibu yote kwenye spika ya katikati. Ukiwa na spika mbili tu, njia zote sita hukunjwa ndani ya mbili na maneno yanazamishwa na muziki. Tafuta ndani ya programu ya filamu kama kuna njia ya sauti iliyoandikwa stirio au 2.0, uichague badala ya 5.1, ile ya spika sita. Kisha washa hali ya usiku kwenye televisheni, ambayo hukandamiza tofauti kati ya sauti ndogo na kubwa. Wazee wengi wameacha kutazama filamu wakidhani masikio yao yamekwisha, ilhali hayo mawili yangewatosha. Tafadhali wafanyieni.

Sauti ikichelewa nyuma ya midomo, kwanza zima vipokea sauti au spika za Bluetooth. Bluetooth huchelewesha sauti kwa sehemu ya sekunde, na jicho linaiona. Kwa waya ikiwa sawa, umeshapata chanzo.

Manukuu yanatangulia au yanachelewa

Hapa tulia kidogo, maana dalili mbili zinazofanana zina tiba tofauti.

Tazama mwanzo wa filamu, andika manukuu yamechelewa sekunde ngapi. Ruka hadi karibu na mwisho, pima tena. Kama tofauti ni ileile, faili la manukuu limetengenezwa kwa nakala yenye utangulizi mrefu au mfupi zaidi. Yasogeze tu. Kwenye VLC ya kompyuta ya Windows, herufi G na H husogeza manukuu nyuma na mbele kwa hatua za milisekunde 50, na J na K hufanya hivyohivyo kwa sauti.

Kama tofauti inakua, kusogeza hakutasaidia kamwe, na nimeona watu wakiyasogeza manukuu filamu nzima mpaka mwisho. Hiyo ni kasi ya picha. Filamu nyingi hupigwa kwa takriban picha 23.976 au 24 kwa sekunde, ila nakala zilizoandaliwa kwa televisheni za mfumo wa PAL huchezwa kwa 25. Manukuu ya moja yakiwekwa kwenye nyingine yanaachana kwa karibu sekunde mbili na nusu kila dakika, na kufikia mwisho wa filamu ya saa mbili pengo ni dakika tano hivi. Programu ya kuhariri manukuu, kwa mfano Subtitle Edit, ina amri ya kubadili kasi ya picha: weka 25 kwenda 23.976 au kinyume, hifadhi, umemaliza.

Manukuu yasiyotokea kabisa huwa na jina lisilolingana. Filamu ikiitwa "safari.mp4", faili lake liitwe "safari.srt" na likae folda moja nayo. Yakitokea yakiwa na herufi za ajabu mahali pa alama za kunukuu, lifungue faili kwenye kihariri cha maandishi na ulihifadhi upya kwa mfumo wa UTF-8.

Flashi inasomeka, filamu haionekani

Flashi nyingi hupangwa kwa mfumo wa FAT32, na mfumo huo hauwezi kubeba faili moja linalozidi gigabaiti 4. Nafasi inaweza kuwa tele, gigabaiti 60 tupu, na kompyuta bado itakuambia faili ni kubwa mno. Panga flashi upya kwa exFAT baada ya kuhamisha vilivyomo, maana kupanga upya kunafuta kila kitu. Televisheni isiyoijua exFAT jaribu NTFS.

Jina la faili likionekana lakini televisheni ikasema haliungwi mkono, usihangaike na neno MKV au MP4 lililo mwishoni. Hayo ni makasha tu. Kilichomo ndani ndicho kinachokataliwa: huenda ni kodeki ya H.265 ya mwaka 2013 au AV1 ya mwaka 2018, na televisheni yako inaijua H.264 pekee. Programu ya MediaInfo itakusomea yaliyomo ndani. Na filamu inayocheza nusu kisha ikakatika mahali palepale kwenye kila kifaa haikukamilika kupakuliwa. Ipakue upya.

Faili linaloomba kusakinishwa

Kuna dalili moja ambayo haina cha kutatua isipokuwa kusimama hapohapo. Umepakua kitu kinachoitwa filamu, ukakifungua, nacho kikakuomba usakinishe kodeki, au uandike nywila iliyo kwenye ukurasa mwingine, au uzime kinga ya kompyuta. Filamu haiombi chochote. Filamu huchezwa.

Windows huficha kiambishi cha mwisho cha jina la faili, kwa hiyo "filamu.mp4.exe" utaiona kama "filamu.mp4" yenye picha ya filamu juu yake. Washa uonyeshaji wa viambishi leo, kabla hujahitaji. Tazama pia uzito: filamu ya saa mbili yenye picha nzuri haiwezi kuwa na megabaiti 4. Kasha (kama ZIP au RAR) lililofungwa kwa nywila mara nyingi limefungwa hivyo ili kinga ya virusi isione kilichomo.

Kama umeshalifungua, kata mtandao wa kompyuta hiyo sasa hivi. Chukua kifaa kingine ubadilishe nywila ya barua pepe kwanza, kisha za benki na maduka, na uzitoe akaunti hizo kwenye vifaa vyote vilivyoingia. Baadaye ndipo usafishe kompyuta. Nimewaona watu wanaanza na usafishaji, na katika saa hizo barua pepe yao inachukuliwa. Anayetafuta filamu za bure ana mahali salama pa kwenda: Internet Archive ina filamu nyingi za zamani ambazo haki zake zimeisha, na maktaba nyingi za umma zina huduma za kuazima kidijitali.

Muziki

Nyimbo ulizopakua kwenye programu ya usajili zikigeuka kijivu, mara nyingi kifaa kimekaa muda mrefu bila kuingia mtandaoni. Spotify, kwa mfano, hutaka uunganishwe angalau mara moja kila siku 30. Ziwashie mtandao, subiri. Na usizitafute kwenye folda ili uzipeleke kwenye gari, zimefungwa. Kwa gari nunua faili huru.

Wimbo wa zamani wa iTunes unaoishia na M4P una kufuli na utacheza tu kwenye programu zinazolijua. Unaoishia na M4A ni huru, ila redio za zamani za gari zinasoma MP3 pekee, kwa hiyo ugeuze. Kugeuza MP3 ya kilobiti 128 kuwa FLAC hakuongezi ubora, kunaongeza uzito tu. Kilichotupwa mwanzoni hakirudi.

Albamu moja ikivunjika vipande kumi kwenye orodha, nyimbo ziko salama, lebo (taarifa za wimbo zilizoandikwa ndani ya faili) ndizo zilizoharibika. Jaza sehemu ya msanii wa albamu kwa jina moja kwenye nyimbo zote, hasa zile zenye wasanii waalikwa. Nyimbo zikipangwa 1, 10, 11, 2, andika 01, 02. MusicBrainz Picard hufanya kazi hii kwa mamia ya nyimbo kwa wakati mmoja, bure.

Ukiwaandikia wauzaji

Ikibidi kuomba msaada au kurudishiwa fedha, acha kubonyeza kitufe cha kucheza, kwa sababu maduka mengi huangalia kama umeshaanza kutazama kabla ya kukubali. Piga picha ya kioo chenye kosa, namba ya kosa ikiwemo. Andika namba ya oda iliyo kwenye risiti, modeli ya kifaa, toleo la programu, saa tatizo lilipotokea, na matokeo ya yale majaribio mawili: filamu hii imegoma kwenye vifaa vingapi, na kifaa hiki kimecheza filamu gani nyingine. Ujumbe wa namna hiyo huruka maswali ya mwanzo ya kuzima na kuwasha. Kama filamu ilikuwa ya kukodi, omba moja kwa moja wakufungulie muda upya au wakurudishie fedha, na utaje tarehe na saa uliyotaka kuitazama.